Sato Thelathini, Nyavu Tatu

Nilipima sato 30 Jinja, kumi katika kila mwalo, nikarudi Mbale kulinganisha wastani wa uzito wa mialo hiyo mitatu kwa anova. Anova ina masharti. Mabaki, yaani umbali wa kila samaki na wastani wa kundi lake, yawe na msambao wa kawaida: jaribio la Shapiro na Wilk halikuonyesha tatizo. (Wengi wetu hupima data ghafi badala ya mabaki.) Mitawanyiko ya makundi ilingane: jaribio la Levene nalo likapita. Nikashukuru.

Likabaki sharti la kwamba kipimo kimoja kisitegemee kingine. Kompyuta isingeweza kuniumbua hapo, ila mimi nilijua. Kila mwalo nilichukua samaki wote kwenye mtumbwi mmoja, wavu mmoja, kwa kuwahi basi. Wavu wenye macho makubwa hunasa wakubwa na kupitisha wadogo. Basi sikuwa na samaki 30. Nilikuwa na nyavu tatu, na tofauti niliyoiona huenda ni ya nyavu, si ya mialo.

Je, kunyamaza ni uongo, ilhali kila tarakimu ni ya kweli? Suratul Mutaffifin huwa tunaisoma tukiwafikiria wenye maduka na mizani zao. Mimi je, niliyetaka kuandika thelathini nikiwa na tatu? Msimamizi asingegundua. Lakini yuko mvuvi atakayewekewa masharti kwa jedwali kama langu.

Nimemwandikia msimamizi. Jumamosi narudi Jinja, inshaallah: mitumbwi kumi kila mwalo, samaki mmoja mmoja.