Je, Kijana Aweza Kuahidi Mguu wa Mzee?

Katika mchezo wa mpira wa Marekani, ule wa kushika kwa mikono, yuko mtu mmoja ambaye karibu kila shambulio huanzia mikononi mwake, lakini watazamaji hawamwangalii. Husimama katikati ya mstari, ameinama, mpira uko chini mbele yake. Ishara ikitolewa, huurudisha nyuma kati ya miguu yake kwa mwenzake. Na papo hapo, kabla hajainua kichwa vizuri, jitu la kilo mia na zaidi humwangukia. Kazi yake ni kulizuia jitu hilo ili wengine wapate nafasi ya kurusha na kukimbia. Hayo hufanyika mara makumi katika mchezo mmoja. Sisi tulipoona picha za mchezo huo mara ya kwanza, tulidhani ni ugomvi, tukangoja mtu aje kuwaamua.

Jim Otto alikuwa mtu wa kazi hiyo. Alizaliwa mwaka 1938 katika mji wa Wausau, jimbo la Wisconsin. Timu za shirikisho la zamani hazikumchagua, maana alionekana mwembamba: kilo 93 hivi. Lakini mwaka 1960 shirikisho jipya lilianza, na timu ya Oakland Raiders ikampokea. Akajikaza kuongeza mwili hata akafika kilo 115. Mgongoni alivaa namba 00, kwa mzaha juu ya jina lake, kwa kuwa kwa Kiingereza sifuri hizo zaweza kutamkwa karibu sawa na Otto. Sisi twaona namba hiyo ilimfaa kwa sababu nyingine pia: kazi yake haikuhesabiwa katika pointi zo zote.

Alicheza miaka 15, michezo 210 ya mashindano ya kawaida, bila kukosa hata mmoja. Magoti yake yalipasuliwa mara tisa katika miaka hiyo hiyo ya kucheza. Alishonwa, akarudi mstarini. Mwaka 1980 alipewa nafasi katika jumba la heshima la mchezo huo. Heshima hiyo si haba.

Lakini hesabu haikuishia hapo. Baada ya kuacha mchezo aliendelea kupasuliwa, hata jumla ikapita mara 70. Viungo vyake vilibadilishwa kwa vya kutengenezwa; viungo hivyo vikaingiwa na ugonjwa, mara tatu akakaribia kufa. Kwa muda wa miezi sita aliishi bila goti la kuume, akingoja kidonda kipone. Mwisho, tarehe 1 Agosti 2007, mguu huo ulikatwa. Alikuwa na miaka 69.

Labda msomaji atasema: Kuna swali gani? Alikuwa mtu mzima, alichagua mwenyewe, hakuna aliyemlazimisha. Ni kweli. Lakini tuangalie vizuri: aliyechagua alikuwa kijana wa miaka 22, na aliyekatwa mguu alikuwa mzee. Kijana hamjui mzee atakayekuwa, wala hawezi kumwita shaurini. Mtu akiweka rehani shamba la ndugu yake asiyekuwapo, sote twasema amekosa. Je, akiweka rehani magoti ya mzee ambaye bado hajafika?

Tulipofikiri hivyo tulikuwa karibu kutoa hukumu. Kumbe mzee mwenyewe alikuwa amekwisha kusema: kama angerudishiwa ujana wake, asingebadili kitu. Neno hilo lilitusimamisha. Sisi ni nani hata tumhurumie mtu asiyejihurumia? Basi deni la kijana, mzee alilikubali na kutia sahihi.

Hata hivyo hatukuridhika. Mtu aliyetoa miaka yake yote kwa kitu kimoja, ni vigumu sana aseme mwishoni kwamba kitu kile hakikustahili. Angekuwa anajikata mguu wa pili. Hatusemi kwamba Otto alijidanganya. Twasema tu kwamba ridhaa yake haimalizi shauri kwa wengine. Mchimba mgodi naye huenda asijute, kwa maana alilisha watoto wake. Lakini hatuachi kumwuliza mwenye mgodi juu ya mapafu yale. Tena jasho la mchimbaji lilileta mkate. Magoti ya Otto yalileta nini? Furaha ya Jumapili kwa watu wengi. Si kitu bure, hatuidharau furaha, lakini wale watu walirudi nyumbani kwa miguu miwili.

Otto hakuwadai kitu. Aliishi karibu miaka 50 baada ya mchezo wake wa mwisho, akafariki tarehe 19 Mei 2024.

Na sisi tusijitenge na watazamaji hao. Siku moja katika uwanja wa parokia yetu, kijana mmoja aliumia goti, akatoka akichechemea. Timu yetu ilikuwa nyuma kwa bao moja. Tulimwita kwa jina arudi, sisi wakatekista tukiwa mstari wa kwanza, na sauti zetu zajulikana kwa ukubwa. Alitutazama, akafunga kitambaa gotini, akarudi. Tulipiga makofi sana. Mchezo ulipokwisha tulikwenda zetu, wala hatukumwuliza habari za goti.