Mshika mawili mwenye zamu

Mshika mawili moja humponyoka. Methali hii hutamkwa kwa ukali, na mara nyingi anayeambiwa ni kijana. Huko Gashoho, katika eneo la Muyinga nchini Burundi, kijana huyo si mgeni: kurasa za nyuma za daftari lake la shule zimejaa michoro ya kalamu ya biki, na sikio lake liko kwenye redio au simu. Wakubwa humwonya achague moja. Akibisha, huongezewa habari za fisi aliyeshindwa na njia mbili.

Naiheshimu methali hii, wala sina nia ya kuipindua. Inasema kweli kuhusu sisi binadamu: matamanio yetu ni mengi, na saa za kuyatumikia ni chache. Anayenunua daftari la kuchora leo, kesho akaazima gitaa, keshokutwa akayasahau yote mawili chini ya kitanda, amekwisha kuponyokwa. Lakini tumtazame fisi vizuri. Kunusa nyama pande mbili hakukuwa kosa. Kosa lake ni kutaka kupita njia zote mbili kwa mguu huu na huu, wakati uleule, mpaka akapasuka msamba. Methali inaonya dhidi ya pupa. Haijamkataza mtu kupenda vitu viwili.

Ushahidi wangu wa kwanza uko palepale Burundi, Gishora karibu na Gitega, kwa wapiga ngoma za kifalme ambazo UNESCO iliziingiza katika orodha ya urithi wa utamaduni usioshikika wa binadamu mwaka 2014. Huingia uwanjani ngoma zikiwa kichwani, na bado wanazipiga. Kisha huzipanga nusu duara, na inkiranya hukaa katikati. Amashakwe hushikilia pigo lilelile bila kukatika. Ibishikizo hufuata mabadiliko ya inkiranya. Mmoja hutoka kwenye safu, akaruka, akacheza, akapiga ngoma ya kati, halafu akarudi kumpisha mwenzake. Mtu huyohuyo ni mpigaji na ni mchezaji, na hakuna kilichomponyoka, kwa sababu kila jambo lina zamu yake na chini ya zamu zote kuna pigo lisilokatika.

Ngoma za nchi hii zimemfikia hata mwanamke wa mbali aliyeishi maisha ya namna hiyo. Mwaka 1975 Joni Mitchell, mwimbaji kutoka Kanada, aliweka sauti yake juu ya rekodi ya wapiga ngoma wa Burundi katika wimbo The Jungle Line. Wimbo wenyewe unamhusu mchoraji, Henri Rousseau, karani wa ushuru wa Paris aliyepiga fidla na kuchora misitu ambayo hakuwahi kuikanyaga. Mitchell naye ni mchoraji. Mwaka 1971, mwaka ambao albamu yake Blue ilitoka, alitengeneza nakala mia moja za kitabu chenye maneno ya nyimbo zake kwa mwandiko wa mkono pamoja na michoro yake, akawapa marafiki zake kwa Krismasi. Umma ulikipata mwaka 2019, kwa jina Morning Glory on the Vine. Ameeleza kwamba nyimbo zikimkaukia hugeukia rangi, kama mkulima anayebadilisha mazao shambani. Mkulima wa Muyinga hahitaji kufafanuliwa hilo: shamba lililotoka mahindi likapewa maharage halijapoteza msimu.

Hata hivyo, zamu peke yake haitoshi. Pigo lisilokatika ndilo gumu, na hapa methali nyingine inasimama bega kwa bega na ya kwanza: haba na haba hujaza kibaba. Paul Klee alipiga fidla na okestra ya mji wa Bern angali mtoto, na muziki hakuuacha alipokuwa mchoraji. Mwaka 1939, akiwa mgonjwa wa maradhi yaliyokuja kumuua mwaka uliofuata, aliandika katika rejista yake kazi 1,253, nyingi zikiwa michoro ya mistari. Hesabu ya namna hiyo haitokani na siku chache za msisimko. Inatokana na mtu anayekaa mbele ya karatasi leo, na kesho tena, hata kama jana haikumpa kitu.

Kwa hiyo kijana wa Gashoho asiulizwe anapenda kipi zaidi. Aulizwe ukurasa wa leo uko wapi. Robo saa kabla giza halijaingia, simu ikiwa mbali, inatosha kwa ukurasa mmoja. Anayetaka kuchora huku anatafuta wimbo mwingine kila dakika, huyo methali imemshika: wimbo hausikii, mstari hauoni.

Na siku ya mazoezi ya ngoma, aende na daftari. Asikilize kwanza. Kisha achore mambo yenye sauti ndani yake: vigingi vinavyobana ngozi ya ng'ombe kuzunguka mdomo wa ngoma, ngozi iliyochakaa pale katikati fimbo zinapotua, bega linaloinuka kabla ya pigo. Bega aanze nalo. Mpigaji hulinyanyua kabla ya mlio, na anayejua wimbo atakuwa na kalamu tayari.