Njia ya Ng'ombe

Kwetu Kisaka, nilipokuwa mdogo, palikuwa na kitu ambacho hata mtu mkorofi hakukigusa: njia ya ng'ombe. Mngeweza kugombania mpaka wa shamba la mihogo hadi mkafikishana kwa wazee, lakini njia ya kwenda kunywesha mliiacha pana. Aliyepanda mtama juu yake aliliwa mtama wake, na hakuna aliyemwonea huruma.

Juzi nililala Mugumu, kwenye mtaa ambao miaka michache nyuma ulikuwa shamba. Usiku mzee jirani akazidiwa. Bajaji ilikuja ikakwama mbali, haina pa kupita. Tukamkalisha kwenye kiti cha plastiki, tukapenya naye kati ya kuta mbili huku viwiko vikichubuka. Penye kona ya choo ikabidi tumnyanyue juu ya vichwa vyetu. Mzee akawa anatuomba radhi, kana kwamba kosa ni lake.

Ni kweli tumeongezeka. Sensa ya 2012 ilihesabu watu 1,743,830 mkoani kwetu Mara. Ya 2022 ikakuta 2,372,015. Lakini zile kuta hazikujengwa na wingi wetu. Mashamba yetu tunayauza hivi: ishirini kwa ishirini kwa hatua za dalali, mashahidi wawili, muhuri, basi. Kila mnunuzi huuliza mpaka wake unaishia wapi; njia haiulizwi. Muuzaji naye haiachi, maana haina anayeilipia. Matokeo yake gari la kunyonya maji taka halifiki, choo kikijaa kinachimbwa kingine, safari hii karibu zaidi na kisima.

Operesheni Vijiji ya 1974, iliyowahamishia watu kwa nguvu kwenye vijiji vilivyopangwa, iliwaumiza wazee wetu, na siombi irudi. Ila siku hizi urasimishaji wa makazi unatukuta tumeshajibana, na njia iliyoweza kuachwa bure inadai ukuta wa mtu uvunjwe.

Nami nina kiwanja palepale, na msingi wa uzio nilishauchimba hadi ukingoni kabisa. Asubuhi ile nilimwambia fundi ausogeze ndani hatua tatu. Jirani akacheka: "Sasa hizo tatu unampa nani, kaka?"

Sikuwa na jina la kumtajia. Hata ile njia ya Kisaka haikuwa na jina la mtu.