Subira tunayomwagiza mgonjwa

SUALA ninalotaka tulitafakari wiki hii, ndugu msomaji, ni jepesi kuliuliza lakini zito kulijibu. Je, Muislamu mwenye afya yake anayo haki ya kumwagiza subira mgonjwa wa saratani iliyokwishaenea mwilini, kisha akaaga na kwenda zake?

Nauliza kwa sababu ndivyo tufanyavyo wengi wetu. Tunaingia, tunatoa salamu, tunaomba dua, tunamwambia avumilie kwani huo ni mtihani na Allah (S.W.) anamfutia madhambi, tunaacha elfu mbili chini ya mto, tunatoka tumeridhika. Maneno hayo ni ya kweli. Kwamba maradhi humfutia Muislamu makosa yake ni mafundisho ya Mtume (S.A.W.) yaliyothibiti, na hakuna wa kuyapinga. Ninachohoji ni nani anayeyasema, na ameyasema baada ya kufanya nini.

Nilifika Nyansurura, wilayani Serengeti mkoani Mara, katika nyumba ya mama mmoja mwenye saratani ya mlango wa kizazi. Ng'ombe wawili walikuwa wameshauzwa kwa ajili ya safari za Mwanza. Kwa watu wa Mara, tofauti na miaka ya nyuma ambapo mionzi ilimaanisha kwenda Ocean Road, Dar es Salaam, siku hizi Bugando ni karibu zaidi. Lakini "karibu" kwa mtu wa Nyansurura bado ni safari ya siku nzima, na mionzi ya saratani hiyo huchukua wiki kadhaa, na anayemsindikiza naye anakula, analala, na shamba lake linaota magugu. Mama yule alikuwa amerudishwa nyumbani. Madaktari walishasema kwamba tiba ya kuuondoa ugonjwa haipo tena.

Aliyekuwa akimuuguza ni mkamwana wake. Mtoto wa kiume wa mama yupo, lakini mwanamume hawezi kumwogesha mama yake, kwa mila na kwa sheria ya sitara, hivyo mzigo wote ukawa wa binti wa watu. Ndiye anayefua vitambaa, anayechota maji, anayeamka usiku kila maumivu yanapopanda, na asubuhi ana watoto wa kupeleka shule. Jirani mmoja, mama wa Kisabato, humpokea baadhi ya siku ili alale kidogo. Wageni Waislamu tulikuwa wengi. Sote tulimwagiza mgonjwa subira. Mkamwana hakuna aliyemuuliza amelala saa ngapi.

Sasa turudi kwenye dini yenyewe. Mfano wetu mkubwa wa subira ni Nabii Ayyub (A.S.). Lakini Qur'an, katika Surat Al-Anbiyaa, inatueleza kwamba alimlilia Mola wake kuwa dhara imempata, na katika Surat Swaad Allah akamsifu kuwa ni mwenye kusubiri. Yaani alisema kuwa anaumia, na subira yake haikupungua kitu! Mtume (S.A.W.) mwenyewe, Ibn Mas'ud (R.A.) alipomwingilia akiwa na homa kali, alimwambia kuwa homa yake ni sawa na ya watu wawili. Basi mgonjwa anayelia usiku kwa maumivu hajakosa imani, na tunamdhulumu tunapomnyamazisha kwa jina la subira. Mara nyingi tunayemtafutia raha kwa kumnyamazisha ni nafsi zetu.

Halafu kuna jambo katika kisa cha Ayyub ambalo mawaidha yetu hulipita haraka. Alikuwa na mke. Wafasiri wanaeleza kuwa ndiye aliyebaki naye watu walipomkimbia, na kwamba Ayyub aliwahi kuapa kumpiga. Sababu ya kiapo wanahitilafiana. Wahyi ukashuka kwamba achukue kicha cha nyasi, apige kwa hicho, asivunje kiapo chake. Mimi nasoma hapo huruma kwa muuguzaji. Mgonjwa ni Nabii, lakini aliyechoka kwa kumhudumia hakusahauliwa.

Na tunamkumbuka Uthman bin Affan (R.A.). Katika vita vya Badr, mwaka wa 2 Hijria, hakuwepo. Alibaki Madina kwa amri ya Mtume (S.A.W.) kumuuguza mkewe Ruqayya, binti wa Mtume, ambaye alifariki katika siku hizo hizo. Mtume akampa fungu lake la ngawira na akamwambia kuwa ana ujira wa aliyehudhuria Badr. Vita vyenyewe Waislamu walikuwa mia tatu na kitu, kila mkono mmoja ulihitajika! Ibn Umar (R.A.) naye aliletewa habari siku ya Ijumaa kwamba Said bin Zayd anaumwa, akapanda mnyama wake akaenda, na swala ya Ijumaa ikampita. Ndipo mafaqihi wakahesabu kumuuguza mtu asiye na mwingine wa kumwangalia kuwa ni udhuru wa kutohudhuria Ijumaa. Sisi mtu akikosekana msikitini wiki tatu kwa kumuuguza baba yake, tunamsema.

Lipo na suala la dawa ya maumivu. Nimesikia Waislamu wanasita kwa mofini, eti ni dawa ya kulevya. Haramu ya kilevi ni ya mtu anayetafuta ulevi. Mgonjwa anayepewa kwa kipimo cha daktari ili apumue anatafuta nafuu, na kanuni ya dharura inajulikana hata na wanafunzi wangu wa kidato cha pili. Mofini ya kunywa ni unga unaochanganywa na maji, wala si kitu cha gharama kubwa. Jirani zetu wa Uganda, ambako Dkt. Anne Merriman alianzisha Hospice Africa Uganda mwaka 1993, waliona kwamba madaktari ni wachache vijijini, wakabadili kanuni mwaka 2004 ili wauguzi waliosomea kazi hiyo nao waweze kuiandika. Kwetu, familia iulize hospitalini waziwazi kabla ya kurudishwa nyumbani: dawa ya maumivu tutaipata wapi, na nani atatuongezea ikiisha? Waombe na dawa ya kulainisha choo, kwani mofini hufunga tumbo. Nauli ya kuifuata dawa hiyo inaweza kutoka katika zaka. Familia iliyouza mifugo na kukopa kwa ajili ya matibabu haihitaji kutafutiwa fungu jipya. Imo katika mafukara, au katika wenye madeni.

La mwisho nalisema bila haya, kwa kuwa haya ndiyo iliyolificha. Wapo wanawake wenye saratani hii wanaoacha swala kwa miezi, wakidhani damu inayowatoka ni hedhi. Damu isiyokatika, iliyopita siku 15, ni istihadha. Mama anajisafisha, anajifunga kitambaa, anatia udhu kila wakati wa faradhi unapoingia, anaswali kwa kukaa au kwa kulala ubavu, hata damu ikiendelea kutoka. Akishindwa na maji, atayamamu, na mkamwana anaweza kumsaidia. Mtu aliye katika siku zake za mwisho ameondolewa swala na ujinga wetu, na hali sisi tumekaa sebuleni tunamwombea. Ustadhi mwanamume hawezi kuingia chumbani kulieleza hilo. Misikiti yetu ya mijini ina akina mama waliosoma, wenye darsa kila wiki. Hao ndio wa kutumwa, wawili wawili, na wakifika wakunje mikono ya magauni wafue kwanza vile vitambaa, mkamwana akalale, kisha ndio wafundishe.