Abiria Si Gunia

Napenda magari, na vijana ninaofanya nao kazi hapa Kakuma wanalijua hilo. Ukitaka mkutano uchelewe, niulize tu kama Probox ni bora kuliko Noah. Mimi ni mtu wa Probox. Ni nyepesi, spea zake hazisumbui kupatikana, na fundi wa chini ya mti anaifungua asubuhi na jioni inatembea. Land Cruiser ya mashirika, ile ndefu nyeupe yenye antena mbele, naiheshimu pia: umbo lake halijabadilika sana tangu 1984, maana waliipatia mwanzoni. Na ndege ya mapangaboi ikitua kwenye uwanja wetu mdogo, mimi nasimama kuitazama hadi injini zizimwe. Sina gari wala leseni. Karibu kila safari niliyowahi kufanya nimeifanya nikiwa abiria.

Ndiyo maana swali langu linamhusu abiria. Ukishalipa nauli na kupata pa kukaa, kazi yako imeisha? Gari likikimbizwa ovyo, likaanguka, watu wakafa, lawama ni ya dereva peke yake?

Wengi hapa watasema ndiyo. Usukani uko mikononi mwake na leseni ni yake. Wahenga nao wanawaunga mkono: manahodha wengi, chombo huenda mrama. Na mimi sitaki gari ambalo watu tisa wanalipigia kelele dereva mmoja, huyu anasema kata kulia, yule anasema simama. Dereva anahitaji akili iliyotulia.

Lakini hiyo methali inazungumza juu ya manahodha. Haimkatazi abiria aliyeuona mwamba kusema kuna mwamba. Kushika usukani ni jambo moja, na kusema unachokiona ni jambo lingine. Nadhani tumeyachanganya haya mawili, halafu kuchanganya huko tukakuita adabu.

Chukua mfano wa Kenya yenyewe, ambako zaidi ya watu 4,000 wamekuwa wakifa barabarani kila mwaka miaka hii ya karibuni. Serikali imejaribu sheria. Mwaka 2004, wakati wa Waziri John Michuki, matatu zililazimishwa kuwa na mikanda na vidhibiti mwendo vya kilomita 80 kwa saa. Ilisaidia kwa muda, kisha watu wakajua namna ya kuvichezea vile vidhibiti. Karibu na 2008, watafiti wawili wa Chuo Kikuu cha Georgetown, James Habyarimana na William Jack, wakajaribu kitu cha bei rahisi kabisa: stika. Walizibandika ndani ya matatu, mahali abiria anapoziona, zikimwambia aseme dereva akiendesha vibaya. Katika magari yaliyopewa stika, madai ya bima yalipungua kwa nusu au zaidi. Baadaye kampeni hiyo ikaitwa Zusha.

Tuliza akili hapo kidogo. Barabara ilikuwa ile ile, madereva wale wale, matairi yale yale. Kilichobadilika ni kwamba abiria aliambiwa ana ruhusa ya kufungua mdomo, na aliyekaa jirani yake akasoma maneno hayo hayo.

Nadhani siri iko kwa huyo jirani. Mama aliye peke yake na watoto wawili na begi akisema "dereva, punguza mwendo", makanga anaweza kumjibu "ukiona tunakimbia shuka", na hapo nje ni jua, vumbi na hakuna gari lingine hadi kesho. Akinyamaza, siwezi kumlaumu. Lakini tukiwa tisa, na sote tumesoma stika, hakuna dereva wa kutushusha sote. Wajibu ambao ni mzito mno kwa mmoja unabebeka ukigawanywa. Na ukigawanywa, aliyenyamaza hana tena pa kujificha.

Mtu ataniambia, hiyo ni matatu, kwenye ndege mambo ni tofauti, abiria hawezi kumgongea rubani mlango. Kweli. Lakini angalia yaliyotokea ndani ya chumba cha rubani chenyewe. Tarehe 27 Machi 1977, katika uwanja wa Tenerife, ukungu ulikuwa mzito. Boeing 747 ya KLM ilianza kukimbia ili ipae bila kuruhusiwa, huku 747 nyingine ya Pan Am ikiwa bado kwenye barabara hiyo hiyo ya kurukia. Mhandisi wa ndege ya KLM alikuwa amesikia kitu redioni. Akauliza kama yule wa Pan Am ameshatoka njiani. Rubani mkuu, mtu wa cheo kikubwa na mwalimu wa marubani wengine, akajibu kwamba ametoka. Mhandisi hakuuliza tena. Watu 583 walikufa, akiwemo yeye na rubani wake na kila aliyekuwa ndani ya ndege yao.

Baada ya ajali hiyo na nyingine zilizofanana nayo, mashirika ya ndege yalianza kufundisha pande zote mbili. Mdogo alifundishwa kusema, na kurudia akipuuzwa. Mkubwa alifundishwa kusikiliza, na kuuliza hata kabla ya kuambiwa. Hawakugawa usukani. Rubani mkuu bado ni mmoja. Tena Marekani, tangu 1981, kuna kanuni kwamba ndege ikiwa chini ya futi 10,000 marubani hawaruhusiwi mazungumzo yasiyohusu kazi. Hiyo naipenda sana: porojo hapana, lakini onyo ruksa muda wote.

Sasa nije nyumbani. Hapa kambini sisi ni abiria katika mambo mengi. Mgao utakuwa kiasi gani, kibali cha kusafiri kitatoka lini, kesi yako itapelekwa nchi gani: usukani uko kwa wengine. Na tumejifunza ukimya wa abiria. "Usiseme sana, utaharibu faili lako." Nimelisikia neno hilo tangu utotoni, na anayelisema huwa anakupenda. Anaogopa ushushwe njiani.

Sidai kwamba usukani tupewe sote kesho. Kuna mambo ambayo mwenye ofisi anayajua na mimi siyajui. Nasema tu kwamba kutokuwa na usukani hakujatuondolea macho. Kisima kinachotoa maji ya chumvi, darasa lenye watoto waliobanana kama ndizi kwenye gunia, anayeliona kwanza ni aliyekaa ndani.

Nani aseme basi? Kwenye Probox, aliye kiti cha mbele ndiye anayeiona barabara vizuri na sauti yake ndiyo inayomfikia dereva bila kupiga kelele. Hapa kambini viti vya mbele vina wenyewe: viongozi wa bloku, walimu, wakalimani, sisi tunaofanya kazi kwa insentivu. Tunaingia mikutanoni, lugha tunaijua, majina yetu yanajulikana. Deni letu la kusema ni kubwa kuliko la yule mama wa nyuma, na tukinyamaza kwa kuogopa kupoteza kiti, tumeuza macho ya wengine.

Na ninyi wenzetu wa mashirika mnaosoma hapa, upande wenu ni ule wa rubani mkuu. Sanduku la malalamiko limetundikwa ukutani na maoni yetu huulizwa, hilo sikatai. Ila mara nyingi huulizwa baada ya uamuzi kupita, ni kama kumuuliza abiria alionaje mwendo wakati ameshafika, au ameshaanguka. Sauti ina kazi wakati mguu bado uko kwenye mafuta. Tuulizeni kabla, na mtu akiuliza mara ya pili, msimwone mkorofi. Huenda amesikia kitu redioni.

Jibu langu, basi, ni kwamba lawama ya dereva ni kubwa, lakini haijai gari zima. Sehemu inabaki kwa kila aliyeona, aliyeweza kusema, na ambaye kusema kusingemtupa porini. Kikundi chetu cha vijana kimeanza kuandika stika za Probox na boda boda za njia ya Lodwar, kwa Kiswahili, Kiturkana, Kisomali na Kiarabu. Bado tunabishana maneno. Mimi nataka yawe mafupi: "Umeona? Sema. Sote tumeona."