Haki ya Buibui na Dhima ya Mwenye Nyumba

Mwanadamu amewekwa ardhini awe khalifa, wala hakuwekwa awe mmiliki asiyeulizwa; na kwa sababu hiyo haifai apuuze suali lolote linalogusa mamlaka yake juu ya viumbe wengine, hata likiwa suali dogo namna hii: mwenye nyumba anayefunga ufagio wa chelewa kwenye ufito mrefu, akazunguka ukuta wa nje, akaupitisha chini ya upenu na pembeni mwa madirisha, akaangusha tandabui moja baada ya nyingine, je, ametenda unadhifu au ametenda dhuluma? Kazi hii watu wa mwambao wameifanya tangu zama za mababu, katika nyumba za mawe na za makuti, aghalabu bila kuuliza hoja yake. Nami naamini kwamba hoja imo, na kwamba inastahili kufikiriwa kwa utulivu, kwani namna mtu anavyomtendea kiumbe dhaifu asiyeweza kumshitaki hudhihirisha namna anavyoifahamu amana aliyopewa.

Katika Kurani tukufu zimo sura zilizopewa majina ya viumbe wadogo: sura ya 16 ina jina la nyuki, ya 27 ina jina la mdudu chungu, na ya 29 ina jina la buibui. Katika hiyo sura ya 27 tunapewa habari ya mdudu chungu aliyewahimiza wenzake waingie makaoni mwao, wasije wakapondwa na Nabii Sulaiman na majeshi yake pasi na majeshi hayo kujua. Na Sulaiman, aliyekuwa na ufalme usio kifani, aliyasikia maneno hayo, akatabasamu, kisha akamwomba Mola wake ampe uwezo wa kushukuru neema. Kwa fikira zangu fundisho kubwa limo katika huko kutojua. Mdudu yule hakumtuhumu nabii kwa ukatili. Alichelea tu kwamba aliye mkubwa huponda bila kutazama chini, na shukrani ya mfalme ilianza pale alipotazama chini.

Buibui naye ametajwa kwa udhaifu, kwani wale wanaojishikiza kwa walinzi wasiokuwa Mwenyezi Mungu wamefananishwa na yeye ajengaye nyumba iliyo dhaifu kuliko nyumba zote. Ilhali wasimulizi wa sira wamepokea kwamba katika Hijra ya mwaka 622, Mtume na Abubakar walipojificha katika pango la Thaur, buibui alitanda utando mlangoni, na waliowafuatia wakarudi wakidhani hapana aliyeingia. Wapo wanazuoni walioijadili sanadi ya kisa hicho, walakini kimekaa nyoyoni mwa Waislamu kwa karne nyingi, na kwa ajili yake wengi huona haya kumwua buibui pasi na sababu. Basi kiumbe huyu hakutukuzwa hata asiguswe, wala hakudunishwa hata auawe kwa mchezo.

Sharia nayo imeshika njia ya kati. Katika hadithi waliyoipokea Bukhari na Muslim, nabii mmoja wa kale aliumwa na chungu, akaamrisha maskani yao yote yachomwe moto. Mwenyezi Mungu akamlaumu, kwa kuwa aliyemuuma alikuwa mmoja, na aliowaangamiza ni umma mzima unaomsabihi Mola wake. Kwa upande wa pili, wanyama wadhuru kama nge na panya wameruhusiwa kuuawa hata na mtu aliye katika ihramu. Mafakihi wakasimamisha kanuni mbili ambazo ni kama mizani ya jambo letu: kwamba madhara huondolewa, na kwamba madhara hayaondolewi kwa madhara mengine mfano wake. Kanuni ya kwanza inamruhusu mwenye nyumba kuchukua ufagio. Ya pili inamwuliza atautumiaje.

Na tuangalie sababu kabla ya hukumu. Buibui hafuati nyumba. Hufuata riziki yake, na riziki yake ni wadudu. Na wadudu nao hufuata nuru, unyevu na uozo, mambo matatu ambayo aghalabu yamewekwa pale na mkono wa binadamu mwenyewe. Taa nyeupe iwashwayo barazani usiku kucha huwavuta nondo, na kumbikumbi wa baada ya mvua. Maganda ya maembe na matumbo ya samaki yaliyotupwa nyuma ya jiko huwavuta nzi na mende. Kifuu cha nazi na kopo lililojaa maji ya mvua humlea mbu, ambaye kwa joto la nchi zetu hutoka katika yai hadi kuruka kwa muda wa wiki moja au mbili tu. Miji ya kando ya Ziwa Viktoria, kama Kisumu na Mwanza, yaonyesha jambo hili kwa uwazi zaidi, kwani huko wadudu wa ziwani, ambao utotoni huishi katika tope la chini ya maji, huinuka kwa makundi makubwa yaonekanayo kwa mbali, usiku huzifuata taa za nyumba, na buibui huwafuata wao, hata kuta za nje zikavikwa utando.

Katika nchi hizo hizo za ziwa yumo buibui mdogo mrukaji, ambaye wataalamu humwita Evarcha culicivora, na utafiti uliotangazwa mwaka 2005 ulithibitisha kwamba humchagua mbu jike aliyekwisha kunywa damu kuliko mawindo mengine. Huyu hukaa kwenye majengo ya watu na karibu nayo, akiwinda yule yule tunayemkimbia ndani ya chandarua. Anayempulizia sumu kwa kuwa tu amechukizwa na miguu yake minane amemwondoa adui wa adui yake, na wala hakujua alilotenda.

Hapo ndipo ninapoliona shina la suali letu. Wahenga walisema, mgeni njoo, mwenyeji apone. Na mwenyeji aliyewasha taa, akaandaa chakula, akaacha mlango wazi, hana hoja ya kumpiga mgeni kwa kosa la kuitikia wito. Nyumba iliyozungukwa na uchafu imewaita wadudu, na wadudu wamewaita buibui. Kuwaua wote hao na kuyaacha maganda pale pale ni kumwadhibu aliyeitwa na kumsamehe aliyeita. Kusafisha nje ya nyumba, kwa maana yake iliyo kamili, ni kuutangua wito huo, na mtu hawezi kuutangua mpaka kwanza akiri kwamba ni wake. Kwa hiyo naiita kazi hii muhasaba: mwenye nyumba anauzunguka ukuta wake akiuliza, katika kila pembe, ni kitu gani nilichokiweka mimi hapa?

Atauliza mtu: mdudu hana akili wala taklifu, itakuwaje awe na haki? Jawabu ni kwamba haki hii haikusimama juu ya akili ya mdudu, imesimama juu ya akili ya mwenye nyumba. Maadamu yeye ndiye mwenye taklifu, yeye ndiye atakayeulizwa, na udogo wa aliyetendewa haupunguzi dhima ya mtendaji. Tena mwenye kuzoea kuharibu bila sababu lile asiloogopa kuulizwa hapa duniani hujifunza tabia, na tabia haina mpaka: huanza ukutani ikaishia kwa mtumishi, kwa mtoto, na kwa maskini apigaye hodi.

Wamekosea, kwa hiyo, makundi mawili. Wa kwanza ni wale waonao kwamba unadhifu ni kuangamiza, wakapulizia dawa kila wanapoona mguu ukitambaa. Pareto, ua lilimwalo katika nyanda za juu za Kenya na Tanzania, na dawa zilizotengenezwa viwandani kwa kuiga sumu yake, ni hatari kwa nyuki na kwa samaki. Zikizidishwa ukutani, mvua huziosha hadi mtaroni, na mtaro huzipeleka mtoni au baharini, wakadhurika viumbe ambao hawakukaribia baraza ya mtu. Wa pili ni wale wanaoacha kila kitu kwa jina la huruma, hata nge akapata maficho katika rundo la mawe na mbu akazaliana katika pipa lililo wazi, ilhali watoto wa nyumba hiyo ndio watakaoumwa. Huruma inayomsahau mtoto wake kwa ajili ya mbu haikuelewa daraja za haki.

Njia ya wastani ni kazi ya mikono, nayo ni taratibu. Taa ya nje izimwe isipohitajiwa, au iwekwe ya rangi ya manjano, isiyowavuta wadudu kama nyeupe. Taka ziondolewe kabla ya magharibi. Maji yamwagwe, na mapipa yafunikwe. Majani yanayogusa ukuta yapunguzwe, nyufa zizibwe kwa chokaa, na kuni zisiegemezwe nyumbani. Hapo ndipo ufagio uinuliwe, kutoka juu kuja chini, kisha ukuta uoshwe kwa maji na sabuni. Buibui wengi wa kutanda duara huusuka utando wao upya usiku hata usiku, na wako wanaoula ule wa jana kwanza. Anayeuondoa, basi, amechukua kazi ya usiku mmoja, hakuchukua uhai. Lakini kifuko cha mayai ni jambo jingine, kwa kuwa ndani yake wamo wengi ambao hawajamdhuru mtu. Hicho na kichukuliwe kwa kijiti, kikawekwe kichakani. Na afagiaye asisukumie taka zake upande wa jirani, kwani uchafu uliohamishwa haukuondoka, umeongezewa dhuluma ya kumwudhi mtu ambaye haki yake imesisitizwa sana katika dini.

Kwa hiyo hukumu ninayoiona ni ya mpangilio. Kwanza mtu aondoe alichokiweka yeye. Pili amwondoe aliyekuja kwa sababu ya hicho, bila kumwua akiweza. Tatu, akithibitisha madhara ya nge au ya mbu, amwue anayedhuru peke yake, kwa haraka, bila moto na bila kumtesa. Anayeufuata mpangilio huu amekuwa nadhifu na amekuwa mwadilifu kwa tendo moja. Na anayeupindua, akaanza kwa kuua na asifike kamwe kwenye taka zake, amedhulumu, hata kuta zake ziking'aa mtaa mzima ukazisifu, kwa maana khalifa huulizwa namna alivyoitumia nguvu yake, wala haulizwi weupe wa chokaa yake.