Upinde Usiovutika

Andiko: 2 Wafalme 13:14-19



Katika andiko letu nabii Elisha yuko kitandani, anaumwa ugonjwa ambao hatapona. Yoashi mfalme wa Israeli anakuja kumwona na analia mbele yake. Elisha anamwambia achukue upinde na mishale. Mfalme anashika upinde, na hapo nabii anafanya jambo ambalo wengi wetu hulisoma haraka tukapita. Anaweka mikono yake juu ya mikono ya mfalme. Mikono ya mgonjwa juu ya mikono ya mtu wa vita! Ndipo dirisha la mashariki linafunguliwa na mshale unatoka.

Kwetu Kenya uwindaji ulipigwa marufuku mwaka wa 1977, kwa hivyo wengi wetu upinde tumeuona kwenye makumbusho tu. Lakini nina binamu anayeishi Minnesota, Marekani, mahali Wakenya wengi wanaishi. Huko, msimu ukifika, watu hununua kibali na kwenda msituni kuwinda kulungu wa mkia mweupe. Wenzake kazini walimwalika, naye akaenda kununua upinde.

Upinde wa siku hizi una magurudumu kwenye ncha zake. Aliyeubuni ni Mmarekani wa Missouri, Holless Wilbur Allen, aliyepata hataza yake mwaka wa 1969. Uzito wa kuuvuta hupimwa kwa pauni. Wenzake walikuwa na pauni 70, yaani karibu kilo 32. Naye, asionekane mdogo, akachukua 70. Mwezi wa nane, akiwa na fulana na amesimama wima, aliuvuta. Alikunja uso, lakini aliuvuta.

Sasa mwezi wa kumi na moja ukafika. Ameketi juu ya mti tangu kabla ya alfajiri, baridi ni ya barafu, amevaa jaketi nzito, misuli imekaza. Kulungu anatokea, hatua kama ishirini hivi. Anavuta, upinde hauji. Mikono inatetemeka. Anauinua juu kuelekea mbinguni apate nguvu. Kulungu akaona kitu kinasogea, akainua ule mkia mweupe, akapotea. Alimngoja siku nzima, na alipokuja, upinde haukuvutika.

Mzee mmoja mwindaji akamfundisha kipimo. Keti chini, elekeza upinde kwa shabaha, kisha uvute bila kuuinua. Ukishindwa, huo si upinde wako. Legeza skrubu, punguza uzito. Mwaka uliofuata alishuka hadi pauni 50, na mshale wenye ncha kali kwa uzito huo unamtosha kulungu kabisa.

Wapendwa, wengi wetu tumebeba upinde wa jirani. Tangu tuanze ujenzi wa kanisa, tuliandika kadi za ahadi. Ndugu mmoja, ambaye ameniruhusu nisimulie bila jina, aliandika shilingi 100,000. Kazi yake ni boda boda. Aliandika hivyo kwa sababu aliyeketi kando yake aliandika hivyo. Leo ni Jumapili ya tano hajaonekana. Nilipompigia simu aliniambia, "Pasta, nitarudi nikipata hiyo pesa."

Unaona? Sadaka ambayo ingemleta karibu na Mungu sasa inamzuia mlangoni. Watoto wake wanauliza mbona hawaendi Sande skuli. Na adui hakuhitaji kumpeleka baa. Alimwachia upinde asioweza kuvuta, basi.

Chuoni nilisomea biashara. Huko tunafundishwa kwamba deni lisilolingana na mapato huangusha hata duka lenye wateja. Lakini sitaki msimamo wangu usimame juu ya cheti, usimame juu ya Neno. Mtu ataniuliza, "Pasta, na nadhiri je? Si Mhubiri 5 inasema ukiahidi utimize?" Ni kweli, na sura hiyo hiyo inatuonya kwanza tusiwe wepesi wa kusema mbele za Mungu. Lakini soma pia Walawi 27:8. Mtu aliyeweka nadhiri akiwa maskini kuliko kile kiwango, aletwe mbele ya kuhani, na kuhani amkadirie upya kulingana na uwezo wake. Iko kwenye sheria ya Musa! Mungu alijua kuna watu wataandika zaidi ya mkono wao, akawawekea mlango wa kurudi. Na Paulo katika 2 Wakorintho 8:12 anasema kutoa hukubaliwa kwa kadiri ya alicho nacho mtu, si kwa asicho nacho.

Mwingine atasema, "Huko ni kushusha imani. Daudi alipinda upinde wa shaba!" Amina, alipinda. Lakini soma Zaburi 18:34 pole pole. Kwanza Mungu anaifundisha mikono yake vita, ndipo upinde wa shaba unapindwa. Mafunzo yametangulia shaba. Anza na 50 ya kweli, Mungu akuongeze mpaka 70. Imani hukua mkononi, haikui kwenye kadi.

Lakini nisieleweke vibaya, kuna mtu ameanza kutabasamu. Majimbo mengi ya Marekani yana sheria ya uzito wa chini kabisa wa upinde, kwa sababu mshale dhaifu humjeruhi mnyama bila kumwangusha. Yoashi huyu huyu aliambiwa apige ardhi kwa mishale, akapiga mara tatu akaacha. Elisha akakasirika: angepiga mara tano au sita! Yoashi alikuwa na nguvu, akatoa kidogo. Wewe wa pauni 70 unayevuta 20, neno hili pia ni lako.

Na wewe ulio katikati ya kuvuta, umechoka, sikiliza. Ule upinde wa magurudumu uzito wake mkubwa uko njiani. Ukipita pale, magurudumu yanageuka, na mwindaji hubaki ameshikilia kama sehemu ya tano tu ya uzito. Wengi huachia hapo hapo pazito. Kama upinde ni wa kipimo chako, usiachie. Mwite mtu aweke mikono yake juu ya yako. Hata mfalme alihitaji.

Basi tufanye hivi. Jumatano baada ya maombi ya mchana, mimi na wazee tutakuwa ofisini. Mchungaji wetu mkuu amebariki jambo hili. Njoo na kadi yako, tuikadirie upya kama Walawi 27 inavyosema. Hakuna atakayetangazwa. Na ukiwa na jirani asiyeonekana siku hizi, usimwulize pesa, mwambie kiti chake kiko. Mimi jioni hiyo nitaenda kwa yule ndugu yetu wa boda boda, na nimebeba kadi mpya.

Baba, ifundishe mikono yetu. Tupe upinde wa kipimo chetu, na mikono yako juu ya mikono yetu. Katika jina la Yesu, Amina.